Pedi ya ndani ya nepi ya mtu mzima: kitambaa gani, kikunjwe vipi

MUUGUZI ANAJIBU

Mwezi huu barua za presha na sukari nimeziweka kando. Tangu tulipotoa jibu fupi kuhusu nepi za kufua za watu wazima, zimekuja barua kutoka Tanga, Mombasa, Morogoro, Unguja na Shinyanga, na karibu zote zinauliza jambo moja: ndani ya nepi niweke nini? Sehemu kubwa ya maisha yangu nimehudumu wodi ya wanaume, na sasa namuuguza mama yangu mzazi nyumbani, kwa hiyo ninayoyasema hapa nayafanya kila asubuhi. Nawajibu kwa kirefu kwa sababu naona familia zinanunua unene, na unene haumwachi mgonjwa mkavu.

*Shikamoo mama. Baba ana miaka 74 na mwaka jana alipata kiharusi. Upande wa kulia umelegea, anaongea kwa shida, kugeuka kitandani mpaka ageuzwe. Pampasi za watu wazima tulizimudu miezi michache tu, baadaye fundi akatushonea nepi za kitambaa. Kila moja ina pedi ya taulo tabaka sita, zimeshonwa pamoja kuzunguka. Mchana zinavumilia. Usiku analowa mpaka shuka, hasa upande anaolalia. Na sasa masika yameanza, pedi zinakaa kwenye kamba siku tatu hazijakauka. Tuongeze tabaka, au tubadili kitambaa?*
Binti wa mwisho, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Tabaka msiongeze. Zilizopo zinatosha, ila zimekaa mahali pasipo na kazi.

Usiku wa leo ukimbadilisha, iweke ile pedi iliyolowa juu ya sinia, uipapase kwa kiganja kuanzia mbele hadi nyuma. Utakuta mbele imejaa, ukiibonyeza maji yanatoka. Katikati ina unyevu tu. Nyuma, kule kunakokaliwa na makalio, pengine ni kavu kabisa. Mwanamume mkojo wake unaanzia mbele. Akilala chali unapiga mbele ndipo unashuka. Akilala ubavu unakwenda moja kwa moja kwenye paja la chini, na nepi ikiwa imeachia kidogo hapo kwenye lastiki, shuka ndilo linalopokea. Tabaka zenu sita zimetandazwa sawasawa kutoka kitovuni hadi mgongoni, kwa hiyo sehemu kubwa ya kitambaa hicho anakibeba bure.

Na kumbebesha hivyo kuna hatari yake. Mtu asiyejigeuza ngozi yake inaumia pale mfupa unapokandamizwa: chini ya kiuno, kwenye nyonga, visiginoni. Ukiweka tuta la kitambaa chini ya kiuno, tena lenye mshono mnene, unakaribisha kidonda cha kulalia, na kidonda hicho kukifunga ni kazi ya miezi. Nyuma pawe pembamba na laini. Unene wote uende mbele. Na kumgeuza kila baada ya saa mbili kuko palepale, hata nepi iwe nzuri namna gani.

Sasa kiasi. Kibofu cha mtu mzima hushika kama mililita 400 hadi 500, na mzee aliye usingizini anaweza kuziachia zote kwa mkupuo mmoja. Pedi basi ina kazi mbili: ipokee haraka kabla maji hayajakimbilia pembeni, kisha iyashikilie hata mwili ukiilalia. Vitambaa vingi vinaiweza kazi moja vizuri kuliko ya pili. Taulo hupokea upesi kwa sababu ya vile vitanzi vyake. Khanga na mashuka ya pamba yaliyokunjwa mara nyingi hayana haraka hiyo, lakini yakishashika yameshika. Fulana kuukuu za pamba nazo ni nzuri mno, na zikikatwa hazichuruziki nyuzi, hivyo hazihitaji pindo la kumuumiza mgonjwa.

Kwa baba yako mimi ningetumia khanga, ile iliyofuliwa miaka hadi imelainika. Mpya ina wanga wa kiwandani na maji yanateleza juu yake. Kama ndiyo uliyonayo, iloweke usiku kucha kisha ifue kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa. Uhakikishe pia kuwa ni pamba, maana siku hizi zipo za polista. Chomoa nyuzi mbili pembeni, zisokote, ziguse na moto wa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika ukilisugua kwa vidole. Polista hujikunja, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona kidonge, hiyo iache iwe ya kujitanda.

Khanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Ikate katikati ya urefu upate vipande viwili vya 75 kwa 110. Kipande kimoja kikunje kiwe robo kwa ule upande wa 75: unapata ukanda wa tabaka nne, upana sentimita 19 hivi, urefu bado 110. Sasa shika ncha ya mbele uirudishe sentimita 40 juu ya ukanda. Pedi imebaki na urefu wa sentimita 70. Mbele ina tabaka nane, nyuma nne, na hakuna mshono unaomkaa mgongoni. Juu ya ule unene wa mbele weka kipande kimoja cha taulo cha sentimita 15 kwa 30. Taulo linapokea, khanga inahifadhi. Zile pedi za fundi msizitupe, zifumueni. Mtapata vipande vya taulo vya kutosha kwa muda mrefu.

Kabla hujamvalisha, ijaribu pedi juu ya sinia. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyopungua kidogo, mimina yote mahali pamoja pale mbele, polepole, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Angalia kama maji yanazama au yanatawanyika kwanza juu; yakitawanyika, tabaka la juu halifai. Subiri dakika tano. Funika kwa kitambaa kikavu, weka viganja vyote viwili uegemee kwa uzito wako wote. Kitambaa kikipata unyevu kidogo si neno. Maji yakikimbia kwenye sinia, ongeza kipande cha fulana mbele, ujaribu tena. Mwenye mizani ya jikoni apime pedi ikiwa kavu, kisha apime ileile asubuhi baada ya mgonjwa kulala nayo. Kila gramu iliyoongezeka ni karibu mililita moja ya mkojo, na ukishajua baba anatoa kiasi gani usiku hutabahatisha tena.

Kuhusu ubavu: ukimgeuza upande wa kushoto, isogeze pedi ielekee kushoto kwa upana wa vidole viwili, na hakikisha lastiki ya paja la chini imekaa kwenye mkunjo wa paja. Uume uelekezwe chini kabla ya kufunga nepi, la sivyo mkojo unatokea kiunoni juu ya pedi yote. Najua kwa binti jambo hili lina uzito wake. Kaka au mjukuu wa kiume akiwepo, achukue zamu ya jioni na ya usiku.

Masika ndiyo sababu kubwa ninayoipendea khanga. Pedi ya taulo tabaka sita iliyoshonwa kuzunguka inakauka nje, ndani inabaki mbichi, na ubichi huo ndio unaoleta uvundo na madoa meusi ya ukungu. Khanga unaikunjua, inaanikwa kama tabaka moja, na hata siku ya mawingu upepo wa barazani unaikausha. Ikibaki na ubaridi, malizia kwa pasi. Usianike juu ya jiko la mkaa ndani ya nyumba. Moto umeshaunguza nyumba za watu kwa njia hiyo, na hewa ya sumu ya mkaa chumba kikiwa kimefungwa inaua. Kwa mahesabu yangu, mkibadilisha mara sita kwa siku na usiku mkatumia vipande viwili, ni vipande saba kwa siku. Mkijiwekea akiba ya siku tatu ni vipande 21, yaani khanga 11. Anzeni kuwaomba shangazi na mama wadogo zile zilizochuja rangi.

Maji ya kunywa msimnyime. Mnyweshe vizuri asubuhi na mchana, mpunguze saa mbili kabla ya kulala, na mumpe chupa ya kukojolea kabla ya kuzima taa na kila mnapomgeuza. Kama presha yake anatibiwa kwa vidonge vya kutoa maji mwilini, muulizeni daktari kama vinaweza kunywewa asubuhi. Nimeona shuka zikikauka kwa badiliko hilo peke yake.

*Salamu aleikum dadangu. Namuuguza nyanya, ashapita miaka 80, mchana kutwa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kongowea nilipata kwa bei nzuri pedi za ndani za nepi za watoto: nyeupe laini za mikrofaiba, na nyengine za kijivu, muuzaji akasema ni za mkaa wa mwanzi. Ukizimwagia maji zanyonya ajabu. Lakini nyanya akikaa tu kiti chalowa, na ngozi yaanza kuwa nyekundu. Tatizo ni pedi au ni nnavyoziweka?*
Mjukuu, Mombasa

Waalaikum salaam. Tatizo ni pedi, kwa mtu wa kukaa. Mikrofaiba ni nyuzi nyembamba sana za polista. Maji hayaingii ndani ya uzi wenyewe. Yanakaa kwenye nafasi zilizo kati ya uzi na uzi. Ndiyo maana inavuta kwa kasi, na ndiyo maana ukiikalia zile nafasi zinabanwa na maji yanarudi nje. Kwa mtoto wa kilo nane inavumilika. Chini ya mtu mzima aliyekaa kutwa haivumiliki. Pamba ni tofauti, uzi wake wenyewe unakunywa na kuvimba, kwa hiyo ikibanwa inaachia kidogo zaidi.

Wekundu wa ngozi nao una chanzo hapohapo. Mikrofaiba ikigusa ngozi inaivuta mafuta yake na kuikwaruza, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Isiguse mwili hata siku moja.

Hizo za kijivu nimezipasua kadhaa kwa wembe nione kilichomo. Juu na chini kuna kitambaa cha polista cha kijivu, na katikati, kwa nyingi nilizozifungua, ni mikrofaiba ileile nyeupe. Rangi inasaidia kuficha madoa tu. Pedi ya mwanzi hasa, ile ya viskosi, utaijua kwa uzito: ukiishika ni nzito kuliko inavyoonekana, laini, ina ubaridi kidogo mkononi, na inakunywa sana. Ubaya wake ni kukauka polepole. Ukiipata na una jua, inunue bila wasiwasi.

Ulizo nazo usizitupe, zipange upya. Leso kuukuu, yaani khanga, ikatwe kama nilivyomweleza binti wa Tanga, lakini kwa mwanamke usirudishe mbele. Mkojo wa mwanamke aliyekaa unashuka katikati na kwenda nyuma. Ikunje ule urefu wa 110 katikati kabisa upate pedi ya sentimita 55 yenye tabaka nane sawasawa. Juu yake weka mikrofaiba moja, mahali pa katikati kuelekea nyuma. Juu ya mikrofaiba weka tabaka moja la fulana ya pamba, ndilo limguse nyanya. Hapo mikrofaiba inafanya kazi inayoiweza, yaani kupokea upesi, na uzito wa nyanya unayasukuma maji chini kwenye leso. Ukitaka abaki mkavu zaidi, badala ya fulana tumia kipande cha zile sweta nyepesi za manyoya ya polista za mitumba: kitambaa kile kinapitisha maji chini, chenyewe hakishiki kitu.

Usimwache akae kutwa bila kunyanyuliwa. Kila saa au chini ya hapo muinue kidogo au muegemeze upande mmoja. Ukimbadilisha, muoshe kwa maji, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, umpake mafuta ya zinki utando mwembamba. Ukipaka mengi yanahamia kwenye kitambaa na kukizuia kunyonya. Vaselini ndiyo mbaya zaidi kwa hilo. Wekundu ukizidi, ukiona vijipele vidogo vidogo pembeni mwa wekundu, au ngozi ikichubuka, mpeleke kituo cha afya, huenda ni fangasi na ina dawa yake.

*Mama, pedi zetu ni pamba tupu lakini zinanuka. Zikiwa kavu hazina harufu. Mama mkwe akikojoa tu, dakika hiyohiyo harufu inafika sebuleni. Tunafua kwa sabuni nyingi, tunatia Jiki, tunamalizia na ile dawa ya kulainisha nguo yenye manukato. Halafu siku hizi hazinyonyi kama mwanzo.*
Mume na mke, Morogoro

Ile dawa ya manukato iondoeni leo. Kinacholainisha nguo ni utando wa mafuta unaobaki juu ya nyuzi, na utando huo ndio unaokataza maji kuingia. Sabuni isiyosuuzwa ikaisha nayo inanata, na juu ya mabaki hayo vijidudu vinakaa vikisubiri mkojo. Vikiupata vinaugeuza kuwa amonia, ndiyo hiyo harufu inayowapanda puani.

Pedi za pamba tupu, zisizo na lastiki wala kitambaa cha plastiki, zichemsheni kwenye sufuria kubwa bila sabuni dakika kumi, mkikoroga kwa mwiko. Mtaona povu linapanda ingawa sabuni hamjatia. Hilo ndilo lililokuwa limejificha. Mwageni, rudieni kwa maji mapya mpaka povu liishe. Kava la nje lisiingie humo kamwe, maji ya kuchemka yanaupasua utando wake na kuulegeza mpira wa lastiki.

Baada ya hapo utaratibu uwe hivi. Pedi ikitoka mwilini, suuzeni papo hapo kwa maji baridi na kuikamua. Msiilundike kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka kesho. Ndipo sabuni ya kiasi, maji ya uvuguvugu au ya moto, na kusuuza hadi maji yawe meupe. Kisha juani. Jua la Morogoro saa sita mchana linaua vijidudu na kung'arisha madoa bila kuwatoza senti.

Jiki nina neno kali juu yake. Msiimwage kamwe juu ya pedi yenye mkojo, wala kwenye ndoo ya mkojo. Jiki ikikutana na amonia inatoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, na ikichanganywa na siki inatoa klorini. Mkiihitaji, mgonjwa akiharisha kwa mfano, iwe baada ya pedi kufuliwa na kusuuzwa, kidogo ndani ya maji mengi, dirisha wazi, kisha isuuzwe tena vizuri. Ikitumika kila siku inakula pamba mpaka itoboke.

Na kama harufu ni kali hata pedi ikiwa mpya, mwangalieni mama mwenyewe. Mkojo wa rangi ya chai mara nyingi ni wa mtu asiyekunywa maji ya kutosha. Akiwa na homa, akilalamika maumivu akikojoa, au akianza kuchanganyikiwa ghafla, apimwe mkojo siku hiyohiyo.

*Dada muuguzi, mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Mkojo unaonitoka si mwingi, ni matone, nikikohoa, nikiinuka, nikibeba ndoo. Nepi nzima ni kubwa mno kwangu na inaonekana ndani ya kanzu. Nataka kitu kidogo cha kwenda nacho barazani na msikitini. Na sala yangu inakuwaje?*
Unguja

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa kuandika, maana wanaume wengi wenye hali yako hujifungia ndani.

Wewe huhitaji nepi. Mwambie fundi akukatie vipande vya sentimita 12 kwa 22 vyenye ncha za mviringo: kimoja cha flaneli ya pamba juu, viwili vya fulana katikati, na chini kitambaa cha mwavuli wa zamani, kile cheusi kinachozuia maji. Avishone upande mmoja tu, vifunguke kama kurasa za daftari, ili vikauke. Pedi hiyo inakaa mbele ndani ya chupi ya kubana. Ndani ya bukta iliyolegea itahama. Badilisha kila saa tatu au nne hata kama haijalowa sana. Kwa kitambaa hichohicho cha mwavuli akushonee kimfuko chenye zipu cha kutilia iliyotumika. Kinaingia mfuko wa kanzu.

Matone ya baada ya upasuaji huo kwa wengi hupungua miezi inavyokwenda, na kuna mazoezi yanayosaidia. Kaza ile misuli unayoikaza unapozuia upepo usitoke mbele za watu, bila kubana tumbo wala kushikilia pumzi. Ishike hadi kuhesabu tano, iachie, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Kaza pia kabla ya kukohoa na kabla ya kuinua ndoo. Ukiona damu, au mkojo ukikataa kutoka kabisa, rudi hospitali usingoje.

Sala yako iko palepale, mwalimu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wenu mnayafuata, mwenye kutokwa na mkojo pasipo kukatika hujisafisha, huweka kitambaa kisafi, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha huswali bila kuchelewa, na udhu huo huwa kwa faradhi moja. Kama matone yako yana muda yanapokatika, hukumu inaweza kuwa nyingine. Mweleze shekhe wako hali ilivyo hasa, bila kuona haya. Kwa upande wangu, weka pedi safi za msikitini kwenye kimfuko cha peke yake.

*Dada, nina miaka 22. Nilijifungua miezi miwili iliyopita. Uchungu ulikuwa wa siku mbili na mtoto hakuwa hai. Tangu hapo mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana, nikikaa, nikisimama. Nakata khanga lakini hazitoshi. Mama mkwe anasema nisikae na watu. Naomba uniambie kitambaa kinachonyonya zaidi.*
Shinyanga

Mwanangu, pole. Pole kwa mtoto, na pole kwa kuambiwa maneno hayo.

Kitambaa nitakueleza, lakini kwanza sikiliza. Hayo unayoyaeleza yanafanana sana na fistula. Kichwa cha mtoto kikikaa njiani muda mrefu kinabana nyama iliyo kati ya kibofu na njia ya uzazi hadi inakufa, na hapo panabaki tundu. Hukulogwa, hukukosea, na hukujiletea. Ni jeraha, na linatibika kwa upasuaji. Uko karibu na Mwanza: hospitali ya Bugando inashughulikia fistula. KCMC Moshi pia, na CCBRT Dar es Salaam, ambako matibabu ya fistula ni bure na mgonjwa asiye na nauli husaidiwa kufika. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii, umwambie muuguzi, faraghani ukitaka, "Nilijifungua, na sasa mkojo unatoka wenyewe bila kukoma." Maneno hayo yanatosha, naye atajua pa kukupeleka. Usikae nyumbani ukisubiri pakauke penyewe. Tundu dogo likiwahiwa mapema, wakati mwingine hufunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu kwa wiki kadhaa. Likichelewa, upasuaji bado upo. Na uzazi ujao, ukijaaliwa, mweleze daktari mapema ili apange kukujifungulisha kwa upasuaji.

Ndugu wa kukusindikiza mchague wewe, yule asiyekusema vibaya.

Kitambaa sasa. Kwako mkojo hauji kwa mkupuo, unatiririka bila kupumzika, kwa hiyo kinachohitajika ni kubadilisha mara kwa mara kuliko kuvaa kitu kinene. Chukua nusu khanga iliyokunjwa tabaka nane, urefu sentimita 55, na juu yake tabaka moja la fulana ya pamba. Chini vaa kava la kuzuia maji, na chupi ya kubana juu ya vyote. Safarini beba nusu khanga za kutosha kubadilisha kila baada ya saa mbili, na mfuko wa kitambaa cha mwavuli wa kuwekea zilizolowa. Jioshe kila ukibadilisha, jipake mafuta ya zinki kidogo mapajani. Na maji unywe mengi, mengi kuliko ulivyozoea. Najua umekuwa ukijinyima ili usilowe. Mkojo ukiwa mchache unakuwa mkali, unaunguza ngozi na kunuka zaidi. Ukiwa mwepesi ngozi inapumua, nawe unaweza kukaa kwenye basi hadi Mwanza.